Anza na drafti ya pamba, na cherehani ya bibi usiiuze

Dada, umeuliza mtu anayeanza kushona achukue kitambaa gani, na kama cherehani ya miguu uliyoachiwa na bibi uiuze ununue ya umeme. Mimi nimekulia Mpwapwa, sasa naishi Dodoma mjini, na kwetu kushona ni mambo ya ukoo. Bibi alimfundisha mama na mama mkubwa, mama akatufundisha sisi wote, wavulana kwa wasichana. Nakujibu kwa yale niliyoyapata nyumbani.

Chukua drafti ndogo ya pamba, yaani kitambaa cha miraba midogo ya rangi moja na nyeupe. Naona wengi wamekushauri kitenge. Kitenge nakipenda, lakini maua makubwa yanataka hesabu: ndege wakisimama upande mmoja wa kifua na kupinduka upande wa pili, gauni limeharibika hata kama mshono umenyooka. Drafti nzuri haikuchapwa. Nyuzi zake zilitiwa rangi kwanza ndipo zikafumwa, kwa hiyo mbele na nyuma ni sawa, na mstari unafuata uzi wenyewe. Ukikata juu ya mstari umenyoosha, hata chaki huihitaji. Marinda nayo unahesabu miraba tu.

Sisi tulianza kwa kushona karatasi ya daftari, cherehani haina uzi, matundu yafuate mistari. Ukiweza hapo, mama anakupa kipande cha drafti. Mpaka leo nikikiona kitambaa hicho kwenye jora moyo unachangamka.

Ukienda soko la Majengo hapa Dodoma, geuza kitambaa uone nyuma. Kikiwa kimepauka upande huo, kimechapwa. Omba kijiuzi cha pembeni ukichome: pamba inanuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini, teteroni, yaani poliesta, inayeyuka na kuganda kidonge kigumu. Kwa joto letu teteroni itamtesa mtoto utakayemshonea. Nunua kilichozidi kidogo, maana pamba hupungua ikifuliwa. Kiloweke na kukikausha kabla hujakikata, na ukianike kivulini. Jua la huku halina huruma na rangi.

Sasa jambo ninalolithamini kuliko yote. Gauni la mtoto liachie upindo mpana kwa ndani. Akirefuka, unafumua na kuteremsha. Dada yangu mkubwa alikuwa na gauni la drafti ya bluu ambalo lilivaliwa na kila msichana aliyemfuata, kila mmoja akishushiwa au kupandishiwa upindo. Lilipochakaa mgongoni, mama alikata sehemu nzima za rinda akatoa foronya. Vipande vidogo bibi aliviunga na mabaki ya madoadoa, ya mistari, na khanga yake ya kisutu iliyokuwa imebaki pindo tu, akatandikia watoto wachanga. Mapambo mepesi yana faida hiyo: drafti ya leo inakaa vizuri na drafti ya zamani. Kitambaa chenye picha kubwa ukikikata vipande picha yenyewe inapotea.

Cherehani ibaki nyumbani. Umeme ukikatika wewe unaendelea, na kwa anayejifunza mguu ni salama zaidi, kwa sababu unakwenda taratibu kadiri unavyotaka. Adui yake hapa ni vumbi. Fungua kibati cha chini ya sindano, safisha kwa brashi yale meno yanayosukuma kitambaa, kisha tia mafuta ya cherehani kwenye matundu yake. Mafuta ya kula usithubutu, yanaganda. Zungusha gurudumu kwa mkono kwanza. Likiwa jepesi, weka sindano mpya ujaribu kwenye kipande cha drafti. Ukikanyaga na gurudumu la juu halizunguki, mkanda umelegea. Ukate kidogo uuunge tena, huhitaji kununua mwingine.