Shina la mdagu limelainika: ni kiu au ni kuoza?

SWALI: Ndugu mtaalamu, salaam. Miaka miwili iliyopita nilinunua mdagu, ule ambao wauza maua huuita waridi la jangwani, ukiwa umejaa maua. Tangu nilipoufikisha nyumbani haujatoa hata ua moja. Ninauweka barazani penye kivuli, katika chungu kikubwa cha kauri chenye kisahani chini, kwenye udongo mweusi wa bustani uliochanganywa na samadi, na ninaumwagilia kila jioni. Tangu masika ya mwaka huu majani yamekuwa yakigeuka njano na kupukutika, na sasa shina la chini limelainika. Jirani ananishauri niongeze maji. Je, nimsikilize? Na ikiwa mmea huu utakufa, ninaweza kukata tawi na kupanda mwingine?
Msomaji, Temeke, Dar es Salaam

JIBU: Ndugu msomaji, nakuomba usiumwagilie leo wala kesho, hadi utakapokuwa umelichunguza shina. Libonyeze kwa kidole gumba mahali patatu: karibu na udongo, katikati ya sehemu iliyovimba, na pale matawi yanapoanzia. Mdagu wenye kiu hulainika shina zima kwa usawa, ngozi yake huwa na makunyanzi membamba, na ukiubonyeza hurudi polepole kama mpira uliopungua upepo. Mdagu unaooza hulainika upande mmoja au mahali pamoja, mara nyingi pale shina linapokutana na udongo; kidole huzama na alama yake hubaki, ngozi hukolea rangi ya kahawia, na ukisogeza pua utasikia harufu ya kiazi kilichoharibikia ndani ya gunia. Majani ya njano peke yake hayakuambii chochote, kwa kuwa hutokea katika hali zote mbili, na hutokea pia pale mmea unapoamua kupumzika. Ndiyo maana ushauri wa jirani yako, ingawa umetolewa kwa nia njema, unaua midagu mingi kuliko ukame. Kwa maelezo uliyonipa, yaani udongo mzito, kisahani, kivuli na maji ya kila siku, nina hakika karibu yote kwamba mmea wako unaoza.

Ili uelewe sababu, fikiria mahali mmea huu unapotoka. Mdagu, ambao kwa jina la kisayansi ni Adenium obesum, huota wenyewe katika nyika za Tsavo, Samburu na Baringo nchini Kenya, katika ukanda mkavu unaokatiza Afrika hadi Senegal, na ng'ambo ya bahari huko Yemeni na katika milima ya Dhofar nchini Omani. Ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza kutoka Yemeni, kwenye maandishi ya mtaalamu wa mimea Peter Forsskål yaliyochapishwa mwaka 1775, na jina Adenium linakumbusha mji wa Aden; obesum maana yake ni mnene. Niliwahi kusimama mbele ya mdagu karibu na Voi wakati wa kiangazi. Haukuwa na jani hata moja, ulikuwa umejibana ndani ya ufa wa jiwe wenye udongo usiojaza kiganja, na bado ncha za matawi yake zilikuwa zimechanua maua ya rangi ya waridi iliyokolea ukingoni na kufifia kuelekea kooni. Mmea huo huweka maji yake ndani ya shina na mizizi minene, kisha mvua inapokatika mizizi hukaa katika ukavu na hewa kwa miezi kadhaa. Udongo mweusi wa bustani hufanya kinyume chake: hushika maji, hufukuza hewa, na mmea usio na majani ya kutosha hauna njia ya kuyanywa maji hayo, hivyo mizizi hufa kwanza na ukungu ukapanda shinani.

Kazi ya kuuokoa ifanywe wiki hii. Vaa glavu, kwa sababu utomvu mweupe wa mmea huu una sumu inayoshambulia moyo, sawa na ule wa oleanda, kichaka cha maua ambacho ni jamaa yake. Wahadza wa bonde la Ziwa Eyasi huchemsha utomvu wa mdagu wa jamii hii hadi uwe mzito kama lami na kuupaka kwenye mishale. Watoto na mbuzi wakae mbali na mabaki yote utakayokata, na nawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa macho au chakula.

Ng'oa mmea, kung'uta udongo, osha mizizi kwa maji ya bomba na uitazame kwenye mwanga. Mizizi hai ni migumu na ina rangi ya maziwa ndani. Iliyokufa huchunika ngozi ukiivuta kwa vidole. Ukiona vitu kama unga mweupe wa pamba kwenye mikunjo ya mizizi, hao ni vidung'ata, uwaondoe kwa brashi ya meno na maji ya sabuni. Kisha chukua kisu kikali, kifute kwa spiriti, na uanze kukata sehemu iliyolainika. Kila unapokata, futa kisu tena, la sivyo unahamisha ugonjwa kutoka kidonda kimoja kwenda kingine. Endelea kukata hadi nyama yote unayoiona iwe nyeupe safi. Hapa ndipo watu wengi huonea mmea huruma na kuacha duara dogo la kahawia lenye ukubwa wa punje ya mchele, kisha baada ya wiki tatu wanarudi kwangu na shina lililooza lote. Kata punje hiyo. Hata kama utabakiza nusu ya shina, mdagu utapona na kovu lake litafunikwa na ngozi mpya.

Paka vidonda salfa ya unga, ile inayopulizwa kwenye mikorosho, au unga wa mkaa safi ikiwa salfa haipatikani. Baada ya hapo uning'inize au uulaze mahali penye kivuli na upepo kwa siku 7 hadi 14, bila udongo na bila maji. Najua ni vigumu kuutazama mmea ukiwa hivyo, lakini shina lina akiba ya kutosha, na kidonda kibichi kikizikwa kitaoza upya. Mwezi wa Juni unafaa kwa kazi hii Dar es Salaam, kwa kuwa masika yamekwisha na hewa ya kipupwe ni kavu kidogo.

Udongo mpya uandae mwenyewe. Mimi hutumia sehemu mbili za mchanga wa mto wenye chembe kubwa, sehemu moja ya tofali la kuchoma lililopondwa au kokoto ndogo, na sehemu moja ya mboji iliyoiva vizuri. Chekecha mchanga na tofali, na kinachopita kwenye chekeche kama vumbi ukitupe, kwa kuwa vumbi hilo ndilo huziba matundu ya hewa. Mchanga wa ufukweni usiutumie kwa sababu ya chumvi. Kipimo changu ni rahisi: mimina maji juu ya chungu kilichojaa mchanganyiko huo, yakituama kwa zaidi ya sekunde chache kabla ya kupotea, ongeza kokoto. Chungu cha udongo wa kuchoma kisicho na rangi kinafaa kuliko cha kauri, kiwe kipana kuliko mmea kwa vidole vitatu tu, na kiwe na tundu kubwa chini. Kisahani kiondoe kabisa. Panda huku sehemu ya juu ya mizizi minene ikibaki wazi, na subiri wiki nzima ndipo umwagilie kwa mara ya kwanza.

Kuanzia hapo, achana na ratiba. Ingiza kijiti cha mshikaki hadi chini ya chungu, kiache kwa dakika chache, kisha kichomoe. Kikitoka na unyevu au kikiwa na udongo ulioganda, usimwagilie. Wakati wa joto, mmea ukiwa na majani mengi, huenda ukahitaji maji mara mbili kwa wiki, na umwagilie kwa wingi hadi maji yatokee chini. Ukiwa hauna majani, mara moja kwa wiki mbili au tatu inatosha. Masika ijayo usogeze chini ya paa la bati lenye mwanga.

Kuhusu maua, kivuli chako cha barazani kinatosha kueleza miaka yote miwili. Mdagu unahitaji jua la moja kwa moja kwa muda usiopungua saa 6 kwa siku. Baada ya kupona, uzoeshe polepole, kwanza jua la asubuhi tu, na uongeze muda kwa kipindi cha wiki mbili, kwani shina lililozoea kivuli hubabuka. Joto linapoanza kupanda, karibu na Septemba au Oktoba, yapunguze matawi marefu hadi yabaki na urefu wa sentimita 10 hivi. Maua hutokea kwenye ncha za matawi machanga, kwa hiyo kila kata inayozaa machipukizi matatu inakupa sehemu tatu za kuchanua, kwa kawaida baada ya miezi miwili au mitatu. Urea na samadi nyingi hukuza majani na kulainisha shina; tumia mbolea ya NPK yenye naitrojeni kidogo, nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye mfuko, mara moja kwa mwezi, na tu wakati mmea unakua.

Tawi, ndiyo, linaweza kupandwa. Likaushe kidonda kwa wiki moja na ulipande katika mchanganyiko uleule, nalo litatoa maua yanayofanana kabisa na ya mama yake. Mmea wa tawi, hata hivyo, huchelewa kunenepa chini na mara nyingi haupati lile umbo la shina lililovimba. Ukitaka umbo hilo, panda mbegu. Hutoka kwenye matunda mfano wa pembe mbili, kila mbegu ikiwa na kishungi cha nyuzi laini kwenye ncha zake zote mbili, na zikipandwa zikiwa mpya huota ndani ya siku 4 hadi 10. Yafunge matunda kwa uzi kabla hayajapasuka, maana yakipasuka upepo hubeba kila kitu mchana mmoja. Nakushauri ukate matawi mawili yenye afya sasa hivi, kabla hujagusa shina, ili rangi ya maua yako isipotee hata kama shina la mama halitapona.