Betri ya bodaboda isiyokaa na chaji: pima kabla ya kubadilisha

Dereva akisukuma pikipiki mpaka gereji akasema betri imekufa, anataka mpya, usikimbilie dukani. Betri huisha chaji kwa njia tatu: yenyewe imechoka, au haichajiwi inavyotakiwa, au kuna kitu kinaifyonza pikipiki ikiwa imezimwa. Ukifunga mpya bila kujua ni ipi kati ya hizo, nayo itakufa, na dereva aliyetumia pesa ya hesabu ya bosi kuinunua atarudi kwako, kwa haki kabisa.

Mita ya kawaida ya kidijiti inatosha. Ila kwanza chaji betri mpaka ijae, maana betri tupu haipimiki. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 5 ichaji kwa nusu ampea, kama saa 10. Chaja ya gari inayosukuma ampea 10 huichemsha na kupinda pleti zake. Ikijaa, ichomoe, iache usiku kucha, kisha pima asubuhi. Volti 12.6 hadi 12.8 imejaa, 12.2 iko nusu. Ikiwa imeshuka chini ya 12 bila kufungwa popote, ndani kuna seli mbovu. Ikisoma vizuri, ifunge na ubonyeze stata huku ukiitazama mita: isishuke chini ya 9.5. Ikidondoka mpaka 7 au 8, pleti zimeshikwa na salfa ngumu au kiungo cha ndani kimelegea, na hiyo ndiyo betri ya kubadilisha kweli. Salfa hugandamana betri ikikaa nusu tupu wiki nyingi, na kiki husaidia kuificha hali hiyo: dereva anapiga kiki asubuhi, injini inawaka, anaona mambo ni sawa.

Kwa betri yenye vifuniko, tazama maji. Asidi hutiwa mara moja tu, betri ikiwa mpya. Baada ya hapo kinachopungua ni maji, kwa hiyo ongeza maji yaliyosafishwa ya betri mpaka mstari wa juu. Usiongeze asidi. Maji ya bomba, ya ziwani au ya kunywa ya chupa yana madini yanayoharibu pleti. Hakikisha pia mpira wa kupumulia haujabanwa wala hauelekezi matone kwenye mnyororo.

Sasa kuchaji. Washa injini, weka mita kwenye vichwa vya betri, vuta mafuta mpaka mzunguko wa kati. Isome kati ya 13.5 na 14.8. Ikipita 15, regyuleta, kifaa kinachodhibiti umeme wa kuchaji, imeshindwa kazi: betri itachemka, itakauka, itanuka kama yai viza, na balbu zitaungua moja baada ya nyingine. Ikibaki 12 na kitu hata ukivuta mafuta, haichajiwi.

Hapo wengi hununua regyuleta papo hapo. Subiri. Huku kwetu Mwanza soketi za nyaya zinaoza sana. Pikipiki zinazobeba samaki kutoka soko la Mwaloni, Kirumba, hudondokewa na maji ya barafu siku nzima, na nyingine huoshwa ufukweni kwa kuingizwa kabisa ziwani. Fungua soketi ya regyuleta. Ukiona ukungu wa kijani, au plastiki iliyoyeyuka kidogo, umekaribia jibu. Safisha, kaza pini, funga upya. Kisha, injini ikiwa inaunguruma, pima kati ya bodi ya regyuleta na kichwa hasi cha betri. Ikizidi volti 0.2, njia ya bodi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia chuma cha pikipiki, ni mbaya: kwangua rangi na kutu chini ya boliti, kaza.

Soketi zikiwa safi, pima koili iliyo ndani ya magneto, ile inayozalisha umeme injini ikizunguka. Chomoa soketi yake, weka mita kwenye volti za AC, washa injini: namba ipande wazi kadiri unavyovuta mafuta. Isipopanda, koili imeungua. Kuwa mwangalifu na kipimo cha shoti kwenda bodi: pikipiki ndogo nyingi zina ncha moja ya koili iliyofungwa kwenye bodi makusudi, na wanafunzi wengi hutupa koili nzima kwa sababu hiyo. Koili ikiwa nzima na nyaya nzima, sasa ndiyo regyuleta.

Ikichaji vizuri lakini asubuhi haina kitu, tafuta mfyonzaji. Zima swichi, chomoa waya hasi, unganisha mita kati ya waya huo na kichwa hasi, ukianzia kipimo cha ampea 10. Usiguse swichi wala stata, utaunguza fyuzi ya mita. Pikipiki ya kawaida iliyozimwa isome karibu sifuri. Miliampea 50 humaliza betri ya ampea-saa 5 kwa saa 100, yaani siku nne, na itagoma kuwasha mapema zaidi. Chomoa kimoja kimoja: redio, chaja ya simu, taa za nyongeza, alamu, regyuleta. Namba itakapoanguka, umempata.

Pikipiki za mkataba mara nyingi zina kifaa cha kufuatilia kilichofichwa chini ya siti, nacho hula umeme saa zote. Usikikate. Mwambie dereva amhusishe mwenye chombo, na kama pikipiki italala siku kadhaa bila kazi, ichajiwe kabla ya kurudi barabarani.