Usimwachishe mdogo wako dawa ya kifafa

Dada, nimesoma ulivyoandika: mdogo wako amegunduliwa ana kifafa, ana wiki tatu anameza kabamazepini, dawa ya kuzuia kifafa, hajaanguka tena, lakini anasinzia kutwa. Sasa Jumamosi mnataka aache vidonge, mumpeleke Masindi kwa mganga wa mizizi. Usithubutu! Salamu tutapeana baadaye.

Mimi niliacha. Wakati huo nauza vitenge Busia, nilikuwa napewa fenobabitali, nayo dawa ya kifafa, katika kituo cha afya, kidonge kila usiku. Miezi miwili nzima sikuanguka hata mara moja. Mwezi wa tatu vidonge vikaniishia, na kituoni nikaambiwa havijaletwa. Nikaenda duka la dawa la jirani kununua. Muuzaji akaniangalia usoni akasema, "Mama, miezi miwili bila kuanguka umeshapona. Hizi dawa zinauzoesha mwili bure. Pumzika." Alikuwa amevaa koti jeupe. Nilimwamini, na yeyote angemwamini. Mpaka leo nikilikumbuka koti lile natetemeka kwa hasira, maana hakuwa daktari wala muuguzi, na alichonipa kwa sauti ya upole kilikuwa karibu kiniue.

Siku tatu za mwanzo sikuona chochote. Kichwa chepesi, usingizi umepungua, nikamshukuru Mungu. Sikujua kwamba fenobabitali hutoka mwilini polepole, siku baada ya siku, na kwa hiyo mtu hudanganyika akadhani amepona kumbe anaishi kwa akiba ya vidonge vya juzi. Siku ya saba nilikuwa nimeinama kwenye sigiri nakoroga posho, yaani ugali. Nilichokumbuka baadaye ni harufu ya nywele. Mwanangu wa miaka tisa ndiye aliyenivuta kutoka kwenye makaa. Nilianguka, nikatulia kidogo bila kuzinduka, nikaanguka tena, na tena. Majirani wengine waliogopa kunishika wakisema povu linaambukiza. Haliambukizi, kifafa hakiambukizi kwa povu wala kwa mate! Mmoja akataka kunitia kijiko mdomoni, mwanangu akamzuia. Hospitalini walinichoma dawa mshipani ndipo mitukutiko ikakatika. Daktari aliniambia kwamba kuacha fenobabitali ghafla kunaweza kuleta kifafa kisichokatika, na watu hufa kwa hicho. Mkono wa kulia umebaki na kovu kuanzia kiwiko hadi vidole viwili, vitenge navikunja kwa shida.

Kwa hiyo shika hili hata ukisahau mengine yote: dawa ya kifafa haiachwi ghafla, na haiachwi kwa neno la mtu asiyempima mgonjwa. Mdogo wako kutoanguka wiki tatu maana yake ni kwamba dawa inafanya kazi. Kwa kawaida madaktari huanza kufikiria kupunguza baada ya miaka miwili au zaidi bila kuanguka, na hapo napo hupunguza kidogo kidogo kwa miezi. Kabamazepini hutoka mwilini haraka kuliko ile yangu, yeye huenda asipate hata siku saba za kudanganyika.

Usingizi? Mrudisheni kwa aliyemwandikia. Mara nyingi mwili huzoea, na kama hauzoei kipimo hurekebishwa au dawa hubadilishwa kwa mpango. Akitokwa na vipele, hasa pamoja na homa au vidonda mdomoni, msingoje miadi: siku hiyo hiyo hospitalini.

Mganga simkatazi kuombea. Nakataza vidonge kuwekwa pembeni, na mizizi ya kunywa msimpe kabla ya kumwambia daktari.

Na hesabuni vidonge. Vikibaki vya wiki moja, nendeni mkachukue vingine, msingoje kile cha mwisho kama mimi. Mkivikosa katika kituo kidogo, ulizeni kituo kikubwa cha afya, kile cha daraja la nne, au hospitali ya wilaya.

Uliuliza pia kuhusu pikipiki na uvuvi. Bodaboda asiendeshe kwa sasa, wala asivue samaki peke yake. Akianguka mlazeni ubavu, mdomoni msitie kitu, tazameni saa. Zikipita dakika tano hajatulia, tafuteni gari.

Jumamosi nitakuwa na simu mkononi. Niandikie uniambie kama amemeza.