Kabla hujamwita marehemu wa watu mwanaharamu

Wadogo zangu mnaoanza historia ya vijiji vya Uingereza, nimesoma rasimu zenu na kichwa kinaniuma. Mnaandika kuhusu wavumbuzi wa Kiingereza waliozunguka Afrika karne ya 19: eti Speke alijiua, eti Stanley kazikwa Westminster Abbey, lile kanisa kubwa la London. Haya, tuongee.

1. Speke kaburi lake liko Dowlish Wake, Somerset, lakini risasi ilimpata Neston, Wiltshire, tarehe 15 Septemba 1864, siku moja kabla ya mdahalo wake na Burton, mvumbuzi mwenzake, mjini Bath kuhusu chanzo cha Nile. Kaunti mbili, kwa hiyo nyaraka zake zitafute kwenye hifadhi mbili: Chippenham kwa Wiltshire na Taunton kwa Somerset. Ukienda Taunton peke yake utarudi na mazishi bila kifo. Waliochunguza walitamka kuwa ni ajali. Wewe ukidai alijiua, sema ni dhana, usiandike kana kwamba ulikuwepo.

2. Stanley yuko Pirbright, Surrey. Abbey walimfanyia ibada, ila kaburi karibu na Livingstone walimnyima. Jiwe lake ni pande kubwa la granite lenye jina lake, miaka, neno Afrika na lile jina alilopewa Kongo, Bula Matari, yaani mvunja mawe. Mkongomani akilisoma hilo hafikirii shujaa. Serikali ya kikoloni ya Kongo nayo iliitwa hivyohivyo. Wenyeji wakikukaribisha chai hapo, hilo hawalitaji.

3. Tarehe. Kabla ya 1752, mwaka wa Kiingereza ulianza 25 Machi. Nilifundishwa, nikaandika kwenye daftari, nikasahau. Kwenye rejesta ya parokia moja nikakuta ndoa ya Aprili 1702 na ubatizo wa kifungua mimba Februari 1702. Nikashangilia kama niliyeokota dhahabu! Mtoto huyo ndiye aliyekuja kuwa fahari ya kijiji, na mimi nikasimama ukumbini kwao, watu wamejaa, nikatangaza kwa madaha kwamba alizaliwa nje ya ndoa. Kimya. Bibi mmoja wa ukoo huo, mbele kabisa, akaweka kikombe chini, akaniuliza taratibu: "Kijana, mwaka huo ulianza lini?" Nikajibu Januari. Watu wakakohoa. Akanihesabia kwa vidole: Aprili, Mei, Juni… hadi Februari, miezi kumi baada ya harusi. Mtoto halali kabisa. Kisha akanikatia kipande kingine cha keki. Heri angenitukana. Tangu hapo naandika 1702/3, yaani 1702 kwa hesabu yao na 1703 kwa yetu, hata nikiwa na usingizi.

4. Kwenye chumba cha kusomea nyaraka, penseli tu. Kalamu ya wino iache kwenye kabati la mizigo.

5. Sensa ya 1841 ilishusha umri wa watu wazima kwa mafungu ya miaka mitano: wa 39 anaandikwa 35. Yupo mmoja wenu, namstahi, aliyemkuta mke wa miaka 35 mwaka 1841, akamkuta wa 49 mwaka 1851, akahitimisha kwamba mume alioa tena mwanamke mwenye jina lilelile. Rasimu hiyo naitaka Jumatatu, ikiwa na mke mmoja.