Kabla Hujaandika Kwamba Jambo Limezorota

Kazi yangu hapa Mbeya hunipitishia mikononi mihtasari ya vikao, taarifa za vyama vya ushirika vya wakulima wa kahawa wa Mbozi, taarifa za kamati za shule na barua za vikundi vya kuweka na kukopa, ambazo huzisoma na kuzisahihisha kabla hazijapelekwa panapohusika. Katika karatasi hizo kipo kitenzi kimoja kinachotumikishwa kuliko vyote, nacho ni kuzorota. Mapato yamezorota, mahudhurio yamezorota, bei imezorota, paa la darasa limezorota, na safari moja nilikuta hata mvua imezorota. Ushauri ninaowapa makatibu ni kukiacha kitenzi hiki mpaka wawe na uhakika kwamba ndicho wanachokihitaji.

Kuzorota ni kurudi nyuma kidogo kidogo kwa jambo lililokuwa likienda vizuri. Ndani ya maana hiyo mna mambo ambayo mwandishi hana budi kuyathibitisha: kwamba palikuwa na hali njema ya kuanzia, kwamba kushuka kwenyewe kumechukua muda, na kwamba jambo lenyewe bado lipo. Duka lililofungwa halijazorota, limekufa. Bei ya kahawa iliyoanguka ndani ya wiki moja haijazorota, imeporomoka.

Mfano ninaoutumia mara nyingi ni wa reli ya TAZARA, kwa kuwa watu wa huku wanaifahamu. Reli hiyo yenye urefu wa kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, na katika miaka ya 1980 ilifikia kubeba mzigo uliozidi tani milioni moja kwa mwaka, lakini katika mwaka wa fedha wa 2014/2015 mzigo huo ulikuwa umebaki takribani tani 88,000. Anayesema kwamba huduma za reli zilizorota amesema kweli, kwa sababu mahali pa kuanzia panajulikana, muda wa kushuka ni miaka mingi, na treni hazikukoma. Anayesema kwamba mzigo ulizorota, au kwamba injini zilizorota, amekosea kitenzi: mzigo ulipungua, injini na mabehewa yakachakaa, na mambo hayo yakijumlishwa ndipo tunapopata huduma iliyozorota.

Kwa hiyo kitenzi hiki hupenda kushika jambo zima lenye sehemu nyingi ndani yake, kama vile uchumi, afya, usalama, uhusiano, nidhamu au kiwango cha elimu, na hakipatani na kitu cha kushikika wala cha kuhesabika. Paa la bati na viatu huchakaa, idadi ya wanachama na kina cha mto hupungua, rangi ya kitenge na kumbukumbu hufifia. Penye ubishi ni kudorora, na wako wenzangu wasiokubaliana nami hapo. Ninavyoona mimi, kudorora ni kupoteza uchangamfu tu. Mauzo ya viazi pale Mwanjelwa yanaweza kudorora mwezi Januari, watu wakiwa wamemaliza fedha kwenye sikukuu na ada za shule, kisha yakachangamka yenyewe bila mtu kurekebisha chochote, ilhali kilichozorota kimeharibika kwa ndani na hakitengemai mpaka kishughulikiwe. Wakulima wetu, ambao hawaandiki taarifa, wana kauli ya wazi zaidi: wao husema shamba limechoka, na kila aliyewahi kulima mahindi mahali pale pale miaka mfululizo bila mbolea ya kutosha anaelewa kilichotokea.

Matumizi yanayonisumbua kuliko yote ni kuandika kwamba afya ya watoto imezorota pale ambapo kinachozungumziwa ni udumavu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wenye umri wa chini ya miaka mitano nchini walikuwa wamedumaa, na Iringa, mkoa unaovuna chakula kingi, ukawa na takribani asilimia 57. Mtoto aliyedumaa hakushuka kutoka juu, bali hakufika alipostahili kufika. Ukiandika kwamba afya yake imezorota, msomaji wa wilayani atauliza ilikuwa nzuri lini na kitu gani kiliiharibu, akatafuta ugonjwa au janga la karibuni, wakati swali lenyewe lipo kwenye mlo wa mama tangu mimba na mlo wa mtoto katika miaka yake miwili ya kwanza. Hapo kitenzi kisichofaa kimeipeleka taarifa nzima njia nyingine.

Katika habari za mgonjwa mkubwa kitenzi kinafaa, lakini kinahitaji uangalifu wa namna nyingine. Ukiwatumia ndugu walioko Makambako au Dar es Salaam ujumbe kwamba mzee amezidiwa, watapanda basi la kwanza watakalolipata, kwa kuwa kuzidiwa ni jambo la sasa hivi. Ukiwaambia kwamba afya yake imekuwa ikizorota tangu masika, wanaelewa kwamba wanatakiwa kuja, ila wanao muda wa kuomba ruhusa kazini na kuchangishana nauli. Nimeona familia zikigombana vibaya kwa sababu aliyeandika ujumbe alichagua neno la upole mahali palipohitaji neno la haraka.

Kisha kuna suala ambalo makatibu hawapendi nilitaje. Kuzorota ni kitenzi kisichohitaji mtenda. Ukiandika kwamba mapato ya chama yamezorota, mapato yanaonekana kama yaliyoteremka yenyewe, mithili ya ukungu wa asubuhi kwenye mlima Loleza, na hakuna jina la mtu wala la uamuzi linalohusishwa nayo. Lugha inayo kauli ya kutendesha, yaani kuzorotesha, ambayo hailiachi jambo bila mtenda namna hiyo: ucheleweshaji wa malipo umezorotesha ukusanyaji wa kahawa. Ndiyo maana katika mihtasari mingi utakuta zorota tele na zorotesha hamna. Sisemi kila kushuka kuna mkosaji, kwani mwaka wa ukame hauna wa kulaumiwa, lakini chanzo kikijulikana na kikao kimekitaja, katibu anayerudi kwenye zorota anaficha kilichosemwa.

Nyakati nazo zina uzito wake. Hali imezorota ni matokeo yaliyopo leo, na msomaji hajui mwendo ulikuwaje. Hali inazorota ni onyo, kwamba bado inaendelea kushuka. Hali ilizorota huacha nafasi ya kudhani kwamba baadaye ilitengemaa, kwa hiyo usiitumie kama haijatengemaa. Ninayoipendekeza kwa taarifa ya mwaka ni imekuwa ikizorota, kwa sababu ndiyo inayoonyesha uchelevu wa mwendo wenyewe, na mara moja inamlazimu mwandishi ataje tangu lini. Akishataja mwezi au msimu, sentensi inayofuata humtaka aseme hali ilikuwaje kabla ya hapo. Katibu aliyekosa majibu hayo mawili kwenye daftari lake na aandike tu kwamba mahudhurio ni hafifu, aweke idadi ya waliofika na ya waliotarajiwa, kisha aendelee na ajenda inayofuata.