Kusuka koili za toroidi kwa mkono: pete, waya na kuhesabu tunduni

Koili ya toroidi, yaani waya uliosukwa kuzunguka pete ya unga wa chuma au feraiti, inapokataa kufanya kazi, chanzo huwa ni mojawapo ya makosa mawili: mizunguko imehesabiwa vibaya, au enameli ya waya, ule utando wake wa kuhami, imekwanguka mahali ambapo jicho halifiki. Hesabu yake ni rahisi. Kazi iko mikononi, katika muda ule wa kupitisha waya tunduni, kwa hiyo humo ndimo makala haya yatakaa zaidi.

Kwanza, ijue pete uliyoishika. Pete za unga wa chuma zina majina kama T50-2 au T37-6. Namba ya kwanza ni kipenyo cha nje kwa sehemu za mia za inchi: T50 ni nusu inchi, yaani milimita 12.7, na T37 ni milimita 9.5. Namba ya pili ni aina ya mchanganyiko, na huonyeshwa kwa rangi. Nambari 2 ni nyekundu, inafaa kwa saketi za kuchagua masafa kati ya megahezi 2 na 30 hivi. Nambari 6 ni ya manjano, nayo hupendwa zaidi kuanzia megahezi 10 kwenda juu.

Hapo kwenye manjano kuna mtego. Pete nyingi zinazong'olewa kwenye pawasapulai za kompyuta ni za manjano pia, ila upande mmoja wa bapa ni mweupe. Hizo ni mchanganyiko nambari 26, zilizotengenezwa kuchuja mikondo ya masafa ya chini. Ukizitumia kwenye kichujio cha redio, zitakula nguvu na kupata joto, na utaumiza kichwa ukitafuta kosa lililo kwenye pete yenyewe. Geuza kila pete ya manjano uangalie pande zote kabla hujaitia kwenye kisanduku chako.

Feraiti, zile pete za kijivu au nyeusi, hazina rangi ya kuzitambulisha. Ukiwa na moja usiyoijua, suka mizunguko 10, pima indaktansi kwa nanohenri, gawanya kwa 100. Jibu ndilo AL yake, yaani indaktansi ambayo pete hutoa kwa mzunguko mmoja, kwa nanohenri. FT37-43, kwa mfano, itakupa kati ya mikrohenri 35 na 42 kwa mizunguko 10. Usishangae pete mbili za aina moja zikitofautiana: feraiti huruhusiwa kupishana hadi asilimia 20, wakati unga wa chuma hukaa karibu na asilimia 5.

Idadi ya mizunguko hupatikana hivi. Kwa unga wa chuma, majedwali hutoa AL kwa mikrohenri za mizunguko 100. Gawanya mikrohenri unazotaka kwa AL, tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa 100. Tuseme unataka mikrohenri 3 kwenye T50-2, ambayo AL yake ni 49: 3 gawanya kwa 49 ni 0.0612, kipeuo chake ni 0.247, kwa hiyo mizunguko ni 24.7, sawa na 25. Kwa feraiti majedwali mengi hutumia milihenri za mizunguko 1000, hivyo weka indaktansi kwa milihenri na uzidishe kipeuo kwa 1000. Wanaochanganya vipimo hivi viwili hupata koili iliyo mbali kabisa na walichotaka, huku wamesuka vizuri bila dosari.

Sasa urefu wa waya. Usikate kwa kukadiria. Mzunguko mmoja hutumia kimo cha pete mara mbili, kujumlisha tofauti ya kipenyo cha nje na cha ndani, kujumlisha unene wa waya mara nne. T50 ina kimo cha milimita 4.8, kipenyo cha nje 12.7 na cha ndani 7.7. Kwa waya wa milimita 0.5, mzunguko mmoja ni milimita 17 hivi. Mizunguko 25 ni sentimita 42. Ongeza sentimita 5 kila upande za mikia na akiba kidogo, kata sentimita 55. Waya ukipungua kwenye mzunguko wa 23, hakuna kuunganisha. Unafumua na kuanza upya kwa waya mwingine. Lakini waya mrefu kupita kiasi nao si akiba nzuri, maana kila sentimita ya ziada inapita tunduni mara nyingi, na kila ikipita inasuguana na ukingo.

Unene uchague kwa kuangalia tundu. Mizunguko inayoenea kwa safu moja ni mzingo wa ndani gawanya kwa unene wa waya pamoja na enameli. Tundu la T50 linachukua mizunguko 40 hivi ya waya wa milimita 0.5, na kwa sababu unahitaji kuacha pengo la digrii 30 za duara kati ya mwanzo na mwisho wa koili, ihesabu kuwa 36. Pengo hilo halihusu urembo. Mwanzo na mwisho vikikaribiana, huwa kama bamba mbili za kapasita, na koili huanza kujipatia mwangwi wake yenyewe, yaani kuitikia kwa nguvu, kwenye masafa usiyoyataka.

Vifaa ni vichache. Waya wa shaba wenye enameli wa milimita 0.25, 0.32, 0.4 na 0.5 unatosha kwa karibu kila kazi ndogo ya redio. Uwe na kalipa, msasa laini wa namba 400, maltimita, na kibanio cha nguo cha mbao cha kushikia pete. Usibane feraiti kwenye jiliwa la chuma. Huvunjika kama kigae. Kulabu nyembamba ya kufumia vitambaa ni msaada mkubwa kwenye pete ndogo, kwa kuvuta waya tunduni pale ambapo vidole havifiki, mradi ncha yake iwe laini.

Kisha kuna kijiti cha kusukia, mfano wa ile sindano ya kushonea nyavu. Kitengeneze kwa kipande cha plastiki ngumu kama kadi ya zamani: upana milimita 6, urefu sentimita 10, kila ncha ikiwa na mpasuko wa umbo la V wa kina cha milimita 6. Sugua kingo zote kwa msasa hadi zisikwaruze ukucha. Zungusha waya juu yake kutoka mpasuko hadi mpasuko. Kila duara hubeba sentimita 18 hivi. Kijiti kinafaa kwa pete kubwa kama T106, yenye tundu la milimita 14.5, na waya unaozidi mita moja. Kwa T50 na T37 ni bora vidole, kwani kijiti chenye waya kinajaza tundu na kuanza kukwangua mizunguko iliyokwisha kukaa. Waya wa milimita 1 kwenda juu nao haupendi kijiti, kwa kuwa unakunjika kwenye zile ncha na mikunjo haitoki tena.

Kabla ya kusuka, nyoosha waya. Funga ncha moja kwenye kitu imara, shika nyingine kwa kitambaa, vuta polepole mpaka usikie waya umelegea kidogo mkononi. Kumbukumbu ya bobini inatoka, na waya unalala pale unapoulaza. Pete isiyopakwa rangi ipitishe kwanza msasa kwenye ukingo wa tundu, au ivike safu moja ya ile tepu nyeupe ya kuzuia maji kwenye viungo vya mabomba. Feraiti za manganizi na zinki hupitisha umeme kiasi, na enameli ikikwanguka sehemu mbili, pete yenyewe inageuka njia ya mkondo.

Anza kusuka kutoka katikati ya waya. Ni mbinu inayopunguza kazi kwa nusu. Pitisha waya hadi katikati yake iwe ndani ya tundu: tayari huo ni mzunguko wa kwanza, ingawa haufanani na mzunguko. Kwa mizunguko 25, suka 12 kwa mkia mmoja, kisha geuza pete juu chini na usuke 12 kwa mkia wa pili kwa mwendo uleule wa mkono. Kugeuza pete ndiko kunakohakikisha nusu ya pili inaendeleza mwelekeo wa ile ya kwanza. Ukisuka nusu ya pili kinyume, nusu hizo mbili zitapingana na mita itaonyesha indaktansi ndogo mno.

Kila mzunguko uwe na hatua zake. Pitisha ncha, vuta, na kitanzi kinapopungua weka kidole ndani yake ili kisijikunje kuwa fundo. Hapa ndipo waya wengi huharibika: kitanzi kidogo kikivutwa ghafla hufunga, enameli hupasuka, na shaba hapo inakuwa ngumu. Ikitokea, usinyooshe kwa plaizi ukaendelea. Mahali pale patakatika au patagusana na jirani. Kaza mzunguko kwa ncha ya kidole gumba ukiusukuma ubavuni mwa pete, si kwa kuvuta mkia. Ndani ya tundu mizunguko iguse mwenzake. Nje itaachana yenyewe, ndivyo inavyotakiwa. Usiruhusu mmoja umpande mwenzake.

Kuhesabu: hesabu waya zinazopita ndani ya tundu, basi. Usihesabu zilizo nje. Mara nyingi mtu huhesabu nje, akausahau ule mzunguko ambao mkia wake unatokea tunduni moja kwa moja, na koili ikawa na mmoja zaidi. Kwa mfano wetu, 26 badala ya 25 hubadilisha indaktansi kwa asilimia 8, na masafa ya mwangwi kwa asilimia 4. Piga picha ya tundu kwa simu, ikuze, hesabu ukiweka alama. Macho yaliyochoka hudanganya, hasa kwa waya wa milimita 0.25.

Mita ya LC, ile ya kupimia indaktansi na kapasitansi, ikionyesha tofauti ndogo, usikimbilie kufumua. Kwenye unga wa chuma, kubana mizunguko pamoja huongeza indaktansi na kuitawanya huipunguza, na unaweza kusogeza thamani kwa asilimia kadhaa bila kugusa idadi. Kwenye feraiti mbinu hii haifui dafu, kwa sababu karibu sumaku yote inakaa ndani ya pete, popote waya ulipo. Kama huna mita ya LC, unga koili na kapasita ya pikofaradi 100 iliyo sahihi na utafute mwangwi: mikrohenri 3.06 zinapaswa kuitikia karibu na megahezi 9.1.

Kuondoa enameli kunahitaji uvumilivu kuliko kusuka. Enameli ya poliyurethani huyeyuka kwa pasi ya kulehemu yenye nyuzi joto 380 hadi 400. Weka tone kubwa la lehemu kwenye ncha, zamisha waya humo milimita 2 kutoka kwenye pete, subiri moshi na mapovu, kisha sogeza tone taratibu kuelekea mwisho wa mkia. Moshi huo ni mbaya kwa mapafu: fungua madirisha, washa feni, usiinamie kazi. Waya uliotolewa kwenye mota huwa na enameli ya kuvumilia joto, nayo haiondoki hivyo. Waya huo usugue kwa msasa uliokunjwa ukiuzungusha waya. Wembe unaacha mkato kwenye shaba, na mkia hukatika wiki kadhaa baadaye.

Baada ya kulehemu kwenye bodi, pima mwendelezo, yaani kama umeme unapita, kutoka shaba ya bodi upande mmoja hadi shaba ya bodi upande wa pili. Usiguse mikia yenyewe. Lehemu inaweza kuuzunguka waya kama pete nadhifu inayong'aa huku enameli ingali katikati, na kiungo kionekane kizuri kabisa.

Kwa transfoma za waya pacha, kata waya mbili za sentimita 30 za milimita 0.32 kwa mizunguko 10 ya FT37-43. Funga ncha pamoja, zitie kwenye drili ya mkono, sokota hadi upate misokoto 3 kwa sentimita. Sokota zaidi ya hapo na enameli inaanza kuumia. Waya za rangi mbili hurahisisha maisha. Zikiwa rangi moja, tafuta jozi kwa maltimita. Tuseme A inaanza a1 na kuishia a2, B inaanza b1 na kuishia b2. Ncha ya kati ni a2 iliyounganishwa na b1. Ukiunganisha a2 na b2, nyuga zao za sumaku zinafutana, na transfoma haipitishi kitu ingawa kila kipimo cha mwendelezo kinaonyesha sawa. Hakikisha pia hakuna mwendelezo kati ya A na B kabla ya kuziunganisha.

Kuishikiza pete, tumia tone la gundi ya moto au boliti ya nailoni. Boliti ya chuma yenyewe si tatizo kubwa, lakini ikipita tunduni na ncha zake mbili zikaunganishwa na kasha au bamba la chuma, inakuwa mzunguko mmoja uliofungwa shoti, na koili inakufa hapo hapo. Vanishi ya kufungia mizunguko ipake baada ya kurekebisha, si kabla, kisha pima tena ikishakauka, kwani huongeza kapasitansi kidogo na masafa hushuka.