Mwanangu, Kuhusu Pale Maneno Yanapokomea

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata, na swali lako limenishughulisha: ikiwa mwanafalsafa Wittgenstein alisema kweli kwamba yasiyosemeka hatuna budi kuyanyamazia, mchanganuzi wa nafsi, ambaye chombo chake cha kutibu ni maneno tu, ana kazi gani?

Wote wawili, Wittgenstein na Freud, daktari aliyeanzisha uchanganuzi wa nafsi, walilelewa Vienna, lakini ukomo wanaouzungumzia ni tofauti. Katika Tractatus, kitabu cha Wittgenstein kilichotoka mwaka 1921, lugha huchora mambo yalivyo ulimwenguni, na yasiyochorika, kama vile maadili, hujidhihirisha yenyewe. Kuyanyamazia ni kuyaheshimu. Ukimya aliokutana nao Freud hautulii hivyo. Mwaka 1914 aliandika kwamba mgonjwa hayakumbuki aliyoyasahau, bali huyatenda: hasemi kwamba aliwahi kuwaasi wazazi wake, ila humwasi daktari aliye mbele yake.

Mfikirie Bertha Pappenheim, mgonjwa aliyetibiwa na Breuer, daktari rafiki wa Freud, kuanzia 1880 hadi 1882. Kuna kipindi Kijerumani, lugha aliyozaliwa nayo, kilimtoka kabisa akabaki na Kiingereza, na ni yeye aliyeyapa matibabu hayo jina la tiba ya mazungumzo. Wengi husimulia habari zake kana kwamba maneno yalishinda, nami naona hawamtendei haki, kwani matibabu yalipokoma alilazwa katika hospitali ya Kreuzlingen, Uswisi, akiwa bado anaugua. (Baadaye alikuja kuwa kiongozi shupavu wa wanawake wa Kiyahudi nchini Ujerumani.) Freud mwenyewe alikiri, katika kitabu chake cha tafsiri ya ndoto, kwamba kila ndoto ina kitovu ambacho uchambuzi haukifikii.

Hata hivyo, swali lako linachukulia kwamba kazi ya maneno ni kueleza tu. Wittgenstein aliliacha wazo hilo. Katika maandishi yaliyochapishwa mwaka 1953, baada ya kifo chake, anasema kwamba mtoto anayejifunza kusema anaumwa hajifunzi kueleza maumivu yake. Neno hilo limeshika nafasi ya kilio. Kilio humwelekea mtu. Kwa hiyo mgonjwa anaposita, akarudia jambo lile lile au akamkasirikia mchanganuzi bila sababu, hajashindwa kusema. Analisema kwa yule aliye tayari kulipokea, na hapo ndipo mchanganuzi anapoianza kazi yake.

Niandikie kama unaona vinginevyo.

Mama yako